Barua Chini ya Gazeti

Wanafunzi walimwita Mbinu, na si kwa mapenzi. Kwa miaka thelathini na kitu alisimama mbele ya ubao akiwafundisha watoto wa watu kuokota taharuki, sadfa na takriri ndani ya hadithi kama mtu anayechambua mchele. Mwanafunzi aliyelia kwa sababu mhusika amekufa aliambiwa apanguse machozi, kisha aseme hiyo ni mbinu gani. Tusimnyime haki yake, alikuwa mwalimu mzuri na darasa lake lilifaulu. Ila ukimsikiliza sana ulianza kudhani kwamba hakuna jambo lililowahi kumtokea mtu yeyote duniani, yote yametungwa.

Kwa hiyo kampuni ya vitabu ilipotaka mtu wa kuandika mwongozo wa riwaya mpya iliyoteuliwa kusomwa shuleni, haikuhangaika kutafuta. Mwongozo ni kile kijitabu chembamba ambacho mwanafunzi mvivu hukisoma badala ya riwaya yenyewe: muhtasari wa kila sura, wahusika na tabia zao, na mwishoni mbinu za uandishi, kila moja na mfano wake na ukurasa wake. Mbinu alikuwa ameshaandika saba. Huu wa nane ulikuwa na jambo la ziada, nalo ndilo lililowafurahisha watu wa kampuni kuliko yote: riwaya ilikuwa imeandikwa na mdogo wake wa kike, ambaye sasa ni marehemu.

Mdogo wake huyo alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikaa na cherehani yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi, dirisha likitazama barabara, akipunguza suruali za watu na kupanua nguo za wajawazito. Hakuna aliyejua kwamba anaandika. Ugonjwa wa mapafu ulimchukua akiwa na miaka thelathini na tisa, na miezi minne baada ya mazishi tarishi akaleta bahasha yenye nakala sita za kitabu chenye jina lake juu. Alikuwa ameupeleka mswada mwenyewe, kimyakimya, kama alivyofanya mambo yake yote. Kaka mtu alichukua nakala moja, akasoma jalada, akaiweka rafuni. Alisema ataisoma akitulia. Mwaka ukapita na ushei, hajatulia.

Sasa alilazimika kutulia. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi: kila mbinu alikuwa ameikatia kadi moja ngumu, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyojaza mifano. Alisomea katika chumba cha walimu, saa za mchana wenzake wakiwa madarasani. Sura nane za kwanza zilikwenda kama maji. Ilikuwa hadithi ya msichana anayemuuguza baba aliyepooza, na Mbinu aliona vizuri nyumba hiyo ni ya nani, lakini hakushtuka, maana kila mwandishi huchota kisima cha kwao. Hata fahari ilimwingia kidogo. Kwenye kadi ya takriri, yaani neno linalorudiwarudiwa kwa makusudi, aliandika: "Umekula?", kurasa za 14, 37, 58 na 90, kuonyesha ukarimu wa mhusika mkuu. Kadi ya kinaya peke yake ndiyo ilikuwa tupu.

Kisha akafika sura ya tisa, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Kaka mkubwa wa yule msichana anapokea barua langoni kutoka kwa tarishi. Anaisoma amesimama. Anaingia ndani, anavuta droo ya kabati la baba, ananyanyua gazeti lililotandikwa chini, anailaza barua, anarudisha gazeti na kulipapasa kwa kiganja mara mbili.

Mara mbili. Mbinu alitazama kiganja chake mwenyewe. Ndivyo alivyozoea kulaza kila karatasi, hata za mitihani, na wanafunzi walikuwa wakimwigiza nyuma ya mgongo wake. Alifunga kitabu, akaenda kunywa maji. Siku iliyofuata aliendelea na sura ya kumi kama aliyeruka dimbwi la maji barabarani.

Tuuseme ukweli sisi, maana yeye alikuwa hajawahi kuusema. Miaka ishirini na miwili nyuma, baba yao alipigwa na kiharusi. Mwaka huohuo Mbinu, aliyekuwa tayari mwalimu wa cheti, alipata ruhusa ya kwenda chuo kikuu, na Fundi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akingoja barua ya chuo cha ualimu. Mgonjwa wa kugeuzwa na kuogeshwa hawezi kuachiwa mwanamke mmoja. Mtu alitakiwa abaki. Barua ya Fundi ilipofika iliangukia mikononi mwa kaka yake langoni, nayo ilisema aripoti katika siku kumi na nne. Aliificha siku mbili tatu tu, ili afikirie. Siku kumi na nne si nyingi ukiwa unafikiri. Ya kumi na tano ikamkuta bado anafikiri, akatoka kwenda mjini, akarudi na uso wa huzuni, akasema majina yamebandikwa na la mdogo wake halimo.

Yeye akaenda chuo kikuu. Fundi akabaki kumgeuza baba. Baba alipofariki, miaka minne baadaye, cherehani ilikuwa imeshaota mizizi pale dirishani. Na mama yao, ambaye alikuwa amejigamba kwa majirani kwamba atazaa walimu wawili, hakumsamehe binti yake kwa kumwaibisha. Alimwita mzembe. Pindo likienda upande, mama alisema ndiyo maana chuo hawakukutaka. Chai ikichelewa, neno lilikuwa hilohilo. Fundi aliendelea kukata kitambaa.

Mbinu alikuja kuwasalimu kila Jumapili. Fundi, bila kuinua kichwa kwenye mashine, alimuuliza neno moja tu, "Umekula?" Naye siku zote alijibu kwamba ameshakula, hata tumbo likiwa linanguruma, maana chakula cha nyumba ile kilimkwama kooni.

Baada ya msiba Mbinu na mkewe walihamia kwa mama, aliyekuwa amepofuka kwa presha ya macho. Mke alikuwa muuguzi wa zamu za jioni, kwa hiyo asubuhi mama alikuwa mikononi mwake, na alasiri alikuwa wa mwanawe. Siku mama aliposikia habari za mwongozo alisema, "Basi na mimi unisomee hicho kitabu cha mwenzio. Macho yamekwenda, masikio bado ni yangu."

Hapo Mbinu alikuwa hajafika sura ya tisa, akakubali kwa moyo mweupe. Kila siku saa kumi alivuta kiti karibu na kiti cha mama sebuleni, akamfunika miguu kwa blanketi, akasoma sura moja. Mama hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya.

"Ngoja kwanza. Huyo mwanamke ameota moshi, mbona nyumba haijaungua?"

"Itaungua mbele, Mama. Hiyo inaitwa kisengere mbele. Mwandishi anadokeza jambo kabla halijatokea."

"Kumbe ina jina. Sisi tulisema mtu kaota vibaya, tukazima jiko."

Siku nyingine alimuuliza hiyo kadi anayolalamika kwamba ni tupu ni ya nini.

"Kinaya, Mama. Ziko namna nyingi, lakini kubwa ni ile msomaji anapojua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui. Unamwona anaelekea shimoni huku anapiga mluzi."

"Na huyo msomaji asimpigie kelele?"

"Hawezi. Yeye yuko nje ya kitabu."

"Anakaa anavumilia tu."

"Anavumilia."

"Kazi ngumu hiyo," mama alisema, akajivuta blanketi. Baada ya muda akaongeza, "Na mimi mtoto huyu nilikuwa namwita mzembe."

Mbinu aliinamia kitabu akaendelea kusoma.

Tangu siku ile ya chumba cha walimu alikuwa anahesabu sura. Nne, tano. Alisoma polepole, akasingizia mafua, siku moja akasingizia mkutano wa wazazi. Alijiambia kwamba anamlinda mama: mzee wa miaka sabini na sita, moyo wake mbovu, akijua kwamba alimtesa mwanawe kwa kosa lisilokuwapo, si atakufa? Mtu akitaka kujilinda hakosi wa kumsingizia. Kilichomnyima usingizi hakikuwa moyo wa mama. Ilikuwa ni kufikiria uso wake, ule usioona, ukimgeukia. Duniani kulikuwa kumebaki mtu mmoja anayemwita mwanangu, na hakutaka neno hilo libadilike.

Rasimu ya mwongozo aliipeleka hivyohivyo. Juma lilelile mhariri wa kampuni akampigia simu, binti mdogo mwenye adabu na asiyekubali kudanganywa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, kazi ni nzuri, lakini sura ya tisa umeiandikia mstari mmoja. 'Sura hii inaendeleza mgogoro wa familia.' Basi?"

"Ni sura ya mpito."

"Mpito? Mwalimu, hiyo ndiyo roho ya kitabu! Mimi mwisho wake ulinitoa machozi ofisini, watu wananitazama. Watunga mitihani hawataiacha ile. Halafu kwenye wahusika, kaka mkubwa umemwita mhusika bapa, hana undani, yupo kuonyesha ugumu wa maisha tu. Bapa kweli?"

"Nitaiangalia upya."

"Iangalie, Mwalimu. Isome tena mpaka mwisho."

Angemwambia nini? Kwamba hawezi kuisoma tena mpaka mwisho kwa kuwa hajaufikia hata mara moja? Machozi ya mhariri aliyaelewa kwa namna yake, kwamba ni machozi ya hasira, kwamba kwenye kurasa zile mdogo wake amemvua nguo mbele ya nchi nzima. Watoto laki kadhaa wangeandika tabia zake kwenye karatasi za mtihani: mchoyo, mnafiki, msaliti. Nao wangepata alama kwa hilo. Alizima simu, asifungue kitabu.

Ijumaa ikafika zamu ya sura ya tisa. Mama alikuwa ameshakaa, blanketi magotini, kichwa ameegemeza.

"Leo ni ya tisa," alisema, kabla hajaulizwa.

"Ya tisa, Mama."

Mbinu alifungua kitabu penye sura ya tisa, akakohoa, akaanza kutunga. Hakuwa amejiandaa wala kuandika popote. Mtu aliyefundisha utunzi miaka yote hiyo angeshindwaje na sura moja? Na kwa kweli alitunga vizuri. Alileta mvua, akaleta mto uliofurika. Akamleta tarishi anayesukuma baiskeli yake, mkoba wa barua umefungwa nyuma kwa mpira, anavuka daraja la mbao. Akamtelezesha. Mkoba ukaenda na maji, na ndani ya mkoba ilikuwamo barua ya msichana. Akamliza msichana kidogo, akamfariji kwa cherehani aliyopewa na mteja mwema, akafunga sura kwa jua kuchomoza. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho, na, Mungu amsamehe, alikuwa amejifurahia.

"Kwa hiyo barua ilipotea njiani," mama alisema.

"Ilipotea. Hiyo inaitwa sadfa, Mama. Mambo yanagongana tu yenyewe."

"Hakuna mwenye kosa."

"Hakuna. Ni dunia tu."

"Vizuri. Hebu nirudie pale tarishi anapovuka."

Mbinu aligeuza kurasa kwa sauti, kama anayetafuta mahali, akarudia. Tarishi alivua viatu, akaweka mkoba kichwani, akaingia majini taratibu huku anaomba Mungu. Maji yakafika kifuani.

"Na baiskeli?"

"Baiskeli ipi?"

"Mara ya kwanza alikuwa na baiskeli. Na palikuwa na daraja."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati, anapiga anaacha. Mbinu aligeuza ukurasa mmoja nyuma.

"Nitakuwa nimeruka mstari, Mama."

"Aa. Umeruka mstari." Mama alilikunja blanketi mwenyewe, upindo juu ya upindo, akampa. "Kitabu, mwanangu, ukikiuliza mara mbili kinakujibu vilevile. Kesho utanisomea sura hiyohiyo. Labda mstari utakuwa umerudi."

Njia ya mwongo fupi, wahenga walishasema, na hii ilikuwa imeishia sebuleni.

Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa anamwogesha mama, Mbinu aliingia chumba cha mbele. Hakuwa ameingia humo tangu arobaini ya marehemu. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka, na kando yake lilisimama kabati la baba, ambalo Fundi alilifanya la nyuzi na vifungo. Alikuwa amekuja na kiberiti mfukoni. Hoja yake ilikuwa rahisi: bila barua hakuna ushahidi, na bila ushahidi riwaya ni riwaya, mtu anaweza kutunga lolote juu ya kaka yake.

Alivuta droo. Alitoa mikebe ya vifungo, mkasi, chaki za fundi zilizokatika. Akanyanyua gazeti kwa ncha za vidole, akitegemea karatasi ya njano ya miaka ishirini na miwili ambayo ingemomonyoka mkononi.

Gazeti lilikuwa jipya. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi ambao Fundi alianza kukohoa. Na chini yake, palepale, kwenye kona ileile ya kushoto, ilikuwapo bahasha, imegeuka rangi ya chai, pembe yake moja imechanwa kwa kidole gumba chake mwenyewe.

Alikaa chini sakafuni na suruali yake ya Jumamosi. Fundi alikuwa msafi, asingeacha gazeti droo moja zaidi ya mwaka. Miaka yote ile, magazeti mangapi? Kila mara alitoa vifungo, akatoa gazeti kuukuu, akaishika barua ile mkononi, akatandika jipya, akairudisha barua mahali pake. Angeweza kuichana. Angeweza kumwekea mama mkononi, enzi mama ana macho. Angeweza kumtupia yeye usoni Jumapili yoyote, naye asingekuwa na la kusema. Kwa nini aliirudisha? Mtu aliyefundisha nchi nzima kusoma makusudi ya mwandishi alikaa pale na swali lile mpaka aliposikia mlango wa bafu. Aliitia bahasha mfuko wa shati. Kiberiti hakukitoa.

Saa kumi aliingia sebuleni na kitabu. Kiti cha mama kilikuwa kitupu.

"Tuko huku," mkewe aliita. Siku hiyo hakuwa na zamu.

Walikuwa chumba cha mbele. Mama amekaa kwenye kigoda cha Fundi, shuka imetolewa, mkono wake wa kulia umeshika gurudumu la cherehani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na hakumtazama usoni alipompisha apite.

"Kaa hapo kwenye kitanda cha mwenzio," mama alisema. "Anza."

Mbinu alisoma. Alisoma maneno yaliyoandikwa, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo darasani wasingeijua. Lango. Tarishi. Barua inayosomwa mtu amesimama. Droo ya kabati la baba. Alipofika penye kiganja kinachopapasa gazeti mara mbili, alishusha kitabu.

"Mama, huyu ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Alichaguliwa, Mama. Mimi ndiye..."

"Najua. Mkeo alinisomea kitabu chote mwaka jana, asubuhi, wewe ukiwa shuleni. Kilipofika tu. Nikamwapisha akae kimya."

Alimgeukia mkewe. "Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniapisha, Mwalimu," mkewe alisema. "Nami pia nilitaka kuona kama utasema mwenyewe."

"Siku zote hizi, Mama? Ninavyokusomea, ninavyokueleza mbinu, unanisikiliza tu?"

"Nilikaa nje ya kitabu nikavumilia. Si ndivyo ulivyonifundisha?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unadhani nililia kwa ajili yako? Nililia kwa ajili ya mdomo wangu. Miaka ishirini nilimwita mwanangu mzembe, yuko hapahapa kwenye hiki kigoda, barua yake iko hapo mkono unapofika, na hanijibu. Mpaka kwenye kitanda cha hospitali nilimwambia ungesoma kwa bidii ungekuwa na bima nzuri. Nani atamwambia sasa kwamba nilikosea? Wewe? Mwongozo wako?"

"Ungenishika mapema, Mama, ningekuomba radhi."

"Ungeniomba radhi kwa sababu nimekushika. Hata sasa nimekushika. Soma."

"Imeisha. Hapo ndipo barua inapo..."

"Haijaisha. Wewe ndiye uliyeishia hapo. Mtu aliyefungua ukurasa wa pili asingekuja kunitungia tarishi na mto. Geuza."

Akageuza. Ukurasa wa mia moja na kumi na tatu ulikuwa mgeni kwake kabisa. Aliusoma kama mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, bila kujua linalofuata.

*Niliiona mwaka baba alipofariki, nilipokuwa nabadilisha gazeti la droo. Niliisoma mpaka sahihi. Kisha niliirudisha palepale. Si kwamba sikuwa na hasira, nilikuwa nayo hadi sindano ilinichoma. Lakini nilisema, aliyeiweka ndiye aitoe. Nikiitoa mimi nitakuwa na barua. Akiitoa yeye nitakuwa na kaka.*

Mkewe alishika fremu ya mlango. Mbinu aliendelea.

*Kila Jumapili alipoingia nilipunguza mwendo wa mashine, nisikie kama atakwenda kwenye kabati. Nilimuuliza kama amekula, ili akae kidogo. Alisema ameshakula. Nikabadilisha gazeti mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata.*

*Kisha Jumapili moja alikuja. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa mikebe ya vifungo, akanyanyua gazeti. Aliiweka barua juu ya kitambaa nilichokuwa nashona, akasema, Hii ni yako, nilikuibia. Sikumjibu mpaka nilipomaliza pindo, maana uzi ulikuwa umebaki kidogo na sikutaka ukatike. Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Nikamtazama kaka yangu, amezeeka, jasho linamtoka, na nikamuuliza, Umekula?*

Hapo sura ilikuwa imeishia. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo ndivyo alivyoandika. Mengine yote kwenye sura ile yalikuwa ya kweli, baba, kitanda, droo, kiganja; alichotunga kilikuwa hicho kimoja, ile Jumapili. Alikuwa ameingoja, hakuiona, akajishonea mwenyewe. Mbinu alitoa bahasha mfuko wa shati akaiweka juu ya bamba la cherehani, chini ya sindano. Ilikaa pale. Mkono wa mama uliipapasa, ukaitambua, ukalirudia gurudumu.

"Nirudie hapo mwisho," mama alisema.

"Mama..."

"Rudia."

Aliinua kitabu. "'Nikamtazama kaka yangu, amezeeka, jasho linamtoka, na nikamuuliza, Umekula?'" Maneno yalikuwa yaleyale.

"Haya, mjibu. Mwenzio amekuuliza."

Mbinu alitazama kigoda, lakini kilikuwa na mama. Alitazama dirisha, barabara, watu wanaopita na mifuko yao. Hapakuwa na pa kuelekeza macho.

"Bado," alisema. Akajaribu tena, kwa sauti ya kusikika. "Bado, mdogo wangu. Sijala."

Hakuna aliyeinuka kumpakulia.